Tundu la Skrubu Lililolegea

Siku hizi katika nyumba nyingi na shule nyingi viko vyombo vilivyofanyizwa kwa ule ubao uitwao chipibodi: makabati, meza, vitanda na rafu za vitabu. Kwa nje vyombo hivi vyapendeza, maana vimevikwa karatasi ngumu yenye sura ya mninga au ya mvule, hata mgeni hudhani ya kuwa ni mti mzima. Lakini baada ya miaka miwili mitatu utasikia mlango wa kabati ukilia, na ukiutazama utaona ya kuwa bawaba imejitenga na ubao, na skrubu zake zazunguka bure katika matundu. Hapo watu wengi husema, "Kabati limekufa," nao hulitoa nje likanyeshewe mvua. Katika somo hili tutaona kwa nini tundu hulegea, na jinsi mtu mwenye vyombo vichache awezavyo kulitengeneza likashika tena.

Kwanza nitawaambia kosa langu mwenyewe, kwa kuwa somo hili nalijua kwa sababu ya kosa hilo.

Nilipokuwa mwalimu mgeni, nimetoka chuoni na hati yangu mkononi, nilipewa darasa lenye kabati moja la chipibodi. Ndani yake tuliweka vitabu vyote vya kusomea. Siku moja skrubu ya bawaba ya juu ililegea. Nikaikaza, ikazunguka bila kushika. Nikatafuta skrubu nene zaidi, nikaitia kwa nguvu, ikashika, nami nikafurahi. Baada ya miezi miwili nayo ikalegea. Nikatia nyingine nene kuliko ile ya pili. Nilipokuwa nikiikaza nilisikia mlio mdogo, kama wa ganda la karanga livunjwapo, lakini sikuujali. Siku ya tatu yake msichana mmoja aliyekuwa na zamu ya vitabu alifungua kabati, na mlango mzima ukang'oka ukamwangukia mguuni. Ukucha wa kidole gumba ukatoka, naye akachechemea juma zima. Hakunilaumu, wala wazazi wake hawakunilaumu; walisema kabati lilikuwa bovu. Mimi nilijua ya kuwa kabati halikuwa bovu hivyo mpaka nilipolishika.

Nikamwendea seremala mmoja mzee, aliyekuwa na banda lake karibu na soko, naye akaja shuleni jioni. Hakusema neno. Alitia ncha ya kidole chake katika tundu, akakitoa, akanionyesha vumbi la mti lililobaki juu yake. Kisha akaokota skrubu yangu sakafuni, akaigeuza geuza karibu na macho.

"Mwalimu," akasema, "skrubu hii ni nzima. Ya kwanza nayo ilikuwa nzima. Mbona umebadili kilicho kizima ukaacha kilichovunjika?"

Sikuwa na jibu.

Ili mfahamu maneno yake, twaeni skrubu moja mkaitazame. Watu wa pwani tangu zamani waliiita parafujo, neno lililotoka kwa Wareno. Mwili wake umezungukwa na ukingo mkali upandao kama njia ya mlimani. Ukingo huo huitwa hesi. Msumari hupigwa nyundo ukaingia moja kwa moja, nao hushikwa kwa kubanwa tu. Skrubu huingia kwa kuzunguka, na hesi zake hujikatia mfereji katika mti. Mtu akitaka kuivuta skrubu iliyokazwa katika mninga hawezi kuitoa ila aung'oe pamoja na mti uliokaa katikati ya hesi. Basi chuma peke yake hakiwezi kushika mlango. Unaoshika ni ule mti mwembamba kama uzi, uliokaa baina ya hesi na hesi. Mti huo ukisagika, skrubu haina kitu cha kushika, hata ingekuwa ya chuma bora namna gani. Na skrubu nene itiwayo mahali pale hupata mti mpya kidogo sana pembezoni, ambao nao waanza kuvunjika tangu siku ile ya kwanza.

Mti uliomea msituni una nyuzi ndefu zilizoshikamana toka shinani kwenda juu. Skrubu ikiingia, nyuzi hizo husukumwa kando, nazo huibana skrubu kwa kutaka kurudi mahali pake. Chipibodi haina nyuzi ndefu. Hufanyizwa kwa vipande vidogo vya mti, maranda na unga wa msumeno. Vyote hukaushwa, huchanganywa na gundi, hutandazwa, kisha hukandamizwa kwa mashine yenye joto kali, kupita lile la maji yachemkayo, hata vikawa ubao mmoja. Kazi hii ilianza Ulaya. Mjerumani mmoja, Max Himmelheber, aliishughulikia katika miaka ya 1930, na mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda kimoja katika mji wa Bremen kilianza kufanyiza ubao wa namna hii, maana mbao nzuri zilikuwa haba na mabaki ya mbao yalikuwa yakipotea bure. Kwetu Tanzania kiwanda cha chipibodi kilijengwa Mkumbara, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara. Ubao huu haustahili dharau. Takataka zilizokuwa zikichomwa moto zimekuwa meza ya mtoto kuandikia. Ila yatupasa kujua tabia yake.

Vunjeni kipande cha chipibodi mkatazame mahali kilipovunjika. Mtaona ya kuwa juu na chini vipande vya mti ni vidogo sana na vimebanana, lakini katikati ni vikubwa zaidi, na baina yao mna nafasi ndogo ndogo. Kwa hiyo skrubu itiwayo katika uso wa ubao hushika vema kuliko itiwayo katika ukingo wake. Ile ya ukingoni hupita katika sehemu ya katikati iliyo dhaifu, tena huweza kuupasua ubao kama kabari ipasuavyo gogo. Bawaba za kabati letu zilifungwa ukingoni. Ule mlio wa ganda la karanga ulikuwa ubao ukipasuka.

Fanyeni jaribio hili, halihitaji fedha. Twaeni kipande cha mninga na kipande cha chipibodi, toboeni tundu jembamba katika kila kimoja, mtie skrubu zilizo sawa. Zifungueni na kuzifunga mara kumi, bila uangalifu wowote, kama mtu mwenye haraka. Mwishoni zijaribuni kwa vidole. Ile ya mninga yaelekea kushika bado; ile ya chipibodi huanza kuchezacheza, na chini ya tundu lake mtaona vumbi. Ndiyo sababu kabati lililohamishwa nyumba tatu, likafunguliwa na kufungwa kila mara, hulegea mapema kuliko lile lililokaa mahali pamoja.

Liko jambo jingine la kujifunza katika hesabu. Mlango wa kabati letu ulikuwa na upana wa sentimita 60 na uzito wa kilo 8 hivi, na bawaba zake mbili zilikuwa mbali sentimita 100, moja juu na moja chini. Uzito wa mlango ni kama umekusanyika katikati yake, yaani sentimita 30 toka bawaba. Zidisha 8 kwa 30, ni 240; gawanya kwa 100, ni 2.4. Maana yake, mlango ukiwa wazi, bawaba ya juu huvutwa kwa nje kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 2.4, na ile ya chini husukumwa ndani kwa nguvu iyo hiyo. Hivi ndivyo bawaba ya juu inavyong'oka siku zote kabla ya mwenzake. Kilo mbili na kitu si nyingi, skrubu nzima huzichukua miaka. Lakini mtoto mwenye uzito wa kilo 30 akiuning'inia mlango huo kwenye ukingo wake wa mbali, hesabu yabadilika: 30 mara 60 ni 1800, gawanya kwa 100, ni 18. Jumla yapita kilo 20, na zote zavuta skrubu za bawaba moja. Wale wa darasa langu wanaopenda kuufanya mlango pembea wameifanya hesabu hii ubaoni, kila mmoja kwa uzito wake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kazi. Yako matundu ya namna mbili: lile lililolegea kidogo, katika mahali pasipobeba mzigo mkubwa, na lile lililosagika kabisa.

Kwa tundu la kwanza yatosha njiti za kiberiti na gundi nyeupe ya maseremala. Toa skrubu, uligeuze kabati au ulipige kidogo ili vumbi lote litoke, kwa kuwa gundi ikishika vumbi haishiki ubao. Changanya gundi kidogo na maji kidogo, uidondoshe tunduni, iingie katika vipande vilivyolegea na kuviunganisha. Iache mpaka ikauke. Kisha kata vichwa vya njiti, maana dawa ile ya moto humomonyoka. Paka njiti gundi isiyo na maji, uzishindilie tunduni moja moja hata isiingie nyingine. Vijiti vya kuchokolea meno vyafaa vilevile. Ngoja siku nzima, yaani saa 24, ndipo ukate kwa kisu chenye makali yale yaliyotokeza nje. Toboa katikati tundu jembamba kwa ajili ya skrubu, uirudishe. Watu wengine hutia njiti kavu bila gundi. Kwa siku chache hufaa, lakini siwaruhusu wanafunzi wangu kufanya hivyo, kwa sababu njiti zile hutoka pamoja na skrubu mara ifunguliwapo, na kazi yarudi mwanzo. Karatasi na plastiki zilizokunjwa nazo ni kujidanganya.

Kwa tundu la pili, kama lile la kabati letu, yule mzee alitumia kigingi cha mti mgumu, nami tangu siku ile nimefanya vivyo hivyo mara nyingi. Kazi yenyewe ni kuondoa mahali pote palipoharibika na kutia mti mzima badala yake.

Alianza na ule ufa. Aliung'oa ubao wa ubavu wa kabati, akaulaza, akaupanua ufa polepole kwa ncha ya kisu, akasukuma gundi ndani kwa kipande chembamba cha bati. Kisha akaubana kwa jiliwa baina ya vipande viwili vya mbao, akiwa ametia karatasi ya nailoni katikati ili mbao hizo zisigandamane na kabati. Asiye na jiliwa aweza kuweka mawe mazito juu ya ubao uliolazwa. Tukauacha hata kesho yake.

Kesho yake akatwaa keekee. Ubao ulikuwa na unene wa milimita 18, naye akachagua chuma cha keekee chenye unene wa milimita 8. Nilimwuliza kwa nini asichukue kilicho kinene zaidi, akaniambia nihesabu mwenyewe: ukitoa 8 katika 18 yabaki 10, ndiyo milimita 5 kila upande, ukitoboa zaidi, kuta zinazobaki huwa nyembamba mno na ubao hupasuka tena. Alifunga uzi mwekundu katika chuma cha keekee, milimita 40 toka nchani, ili ajue mahali pa kukoma. Akaurudisha ubao katika jiliwa, umebanwa pande zote mbili, ndipo akatoboa, akiishika keekee wima, bila haraka. Alijifunga kitambaa puani na kunitaka nami nifanye hivyo, tena tulikuwa nje penye hewa, maana vumbi la chipibodi lina gundi ndani yake, nalo huwasha macho na koo. Haifai kulivuta kifuani.

Kigingi chenyewe alikifanyiza kwa mabaki ya mvule. Alipasua kijiti akifuata nyuzi za mti, akakichonga kwa kisu hata kikawa karibu na mviringo. Kisha akatoa mfukoni kipande cha chuma bapa kilichotobolewa matundu ya vipimo mbalimbali. Akaweka kijiti juu ya tundu la milimita 8, akakipiga nyundo kipite. Chuma kikakwangua yote yaliyozidi, na chini kikatokea kigingi cha mviringo ulio sawasawa. Chuma kile alikuwa nacho tangu ujana wake. Aliye karibu na duka la vifaa aweza kununua vigingi vilivyo tayari, lakini avipime kwanza: kigingi chataka kuingia kwa kusukumwa na kupigwa kidogo kidogo. Kikidondoka chenyewe ni chembamba mno, na kikihitaji pigo kubwa kitaupasua ubao.

Ubavuni mwa kigingi alikata mfereji mdogo kwa ncha ya kisu, toka juu hata chini. Nilidhani ni pambo. Akaniuliza gundi na hewa iliyo chini ya tundu itapitia wapi kigingi kikiingia. Kweli, bila mfereji ule gundi hubanwa chini isipate njia, nayo husukuma kuta za ubao kwa nguvu, na ufa uliofungwa jana waweza kufunguka leo. Akapaka gundi ndani ya tundu na juu ya kigingi, akakitia, akakipigapiga hata kikakaa sawa na ukingo, akafuta gundi iliyofurika kwa kitambaa chenye majimaji. Tukangoja tena siku nzima. Huko kungoja ndiko kunakowashinda wanafunzi wangu wengi, nami mwenyewe kulinishinda siku ile. Nilikwenda kukigusa kigingi mara tatu, na mara ya tatu mzee alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

Kigingi kilipokauka alipima katikati yake, akatia alama kwa ncha ya msumari, akatoboa tundu la milimita 2 na nusu kwa ajili ya skrubu ya milimita 4. Hapo wengi hukosea. Huona mti mpya na mgumu, wakatia skrubu moja kwa moja bila kutoboa, na kigingi hupasuka katikati, maana skrubu yaingia sambamba na nyuzi zake. Skrubu yenyewe aliisugua kwa mshumaa ili iingie kwa wepesi. Wengine hutumia sabuni, lakini sabuni huvuta majimaji ya hewa, na chuma hupata kutu. Urefu wa skrubu ulikuwa milimita 25, kigingi milimita 40. Hivyo skrubu ilikuwa yote ndani ya mvule, na mzigo wa mlango ukachukuliwa na kigingi kizima kilichogandamana na ubao pande zote. Katika chipibodi nguvu iliyokusanyika mahali padogo huvunja. Ikitawanywa mahali papana ubao huichukua.

Kuna tundu moja ambalo hakuna kigingi kitakacholifaa, nalo ni lile lililo katika ubao ulioingiwa na maji. Tieni kipande cha chipibodi katika kikombe cha maji usiku mmoja, mpime unene wake kabla na baada. Kitavimba, na hata kikikauka hakitarudi kuwa kama kwanza, maana vipande vya mti vimesukumana na gundi imeachana. Ubao wa namna hiyo ukiubonyeza kwa kidole gumba hubonyea kama mkate. Gundi yako itashika kitu kisichojishika chenyewe. Hapo yafaa kukata sehemu yote iliyovimba mpaka ufike kwenye ubao mkavu, uweke kipande cha mti mzima mahali pake kwa gundi, na bawaba uifunge katika kipande hicho. Na miguu ya kabati iinuliwe juu ya vipande vya matofali, isiguse sakafu idekiwayo kila siku.

Matundu matatu ya bawaba ya juu yalipokwisha, tulirudisha ubao mahali pake, tukauinua mlango. Mzee alimwita yule msichana aliyeumia, akampa bisibisi. Akamfundisha kuweka skrubu tunduni na kuizungusha kwanza nyuma, kinyume cha mwendo wa saa, kwa wepesi, hata asikie kama imedondoka kidogo. "Hapo hesi imeingia katika mfereji wake wa kwanza," akamwambia. "Ukianza kukaza kabla ya hapo, itajikatia mfereji mwingine juu ya ule, na yote miwili itaharibika. Kila ufunguapo na kufunga, anza hivyo."

Akaizungusha, akasikia, akaanza kukaza. Skrubu ikaingia mpaka kichwa chake kikalala sawa na bawaba. "Basi, mwanangu," mzee akasema, "imetosha," naye akaiondoa bisibisi. Mimi nilitaka kumwambia aongeze japo nusu mzunguko, ili tuwe na hakika. Mzee akanitazama, nikanyamaza.

Akaendelea na skrubu ya pili.